Dumu la Mwisho Foleni

Inspekta Recheli alifika kijiji cha Isunuka Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa na jalada la kesi kwapani na wivu moyoni. Tuuseme wivu huo mapema, maana yeye mwenyewe hakuwa hodari wa kuuficha. Kesi ilikuwa ya Inspekta Modest, mwenzake wa ofisi moja pale Tabora mjini, aliyemaliza naye chuo, na ambaye sasa kila mtu alisema atapandishwa cheo kabla ya Krismasi. Modest alikuja Isunuka Alhamisi, akakaa saa mbili, akaondoka na mtuhumiwa nyuma ya gari. Kufika Ijumaa picha yake ilikuwa imezunguka makundi yote ya simu, amesimama mbele ya paneli za sola, mikono kiunoni, utadhani amezitengeneza yeye. Recheli alitumwa kumalizia maelezo ya mashahidi tu, ili Jumatatu mtuhumiwa afikishwe mahakamani. Alikubali bila kunung'unika, jambo ambalo lingepaswa kumtia mkuu wake wasiwasi. Alikuja kutafuta mahali alipokosea Modest.

Mtuhumiwa aliitwa Festo, mtunza pampu wa kijiji. Kilichoibwa kilikuwa kontrola, kisanduku cha chuma kinachotosha kubebwa kwapani, ambacho hupokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye pampu iliyozama kisimani. Bila kontrola hakuna maji, na Isunuka hawakuwa na maji mengine. Bomba kubwa linaloleta maji ya Ziwa Viktoria lilifika Tabora mjini. Wao walilisikia tu kwa wenzao wa Itetemia waliolipata, na kila walipolisikia roho iliwauma. Visima vifupi vilikuwa vimekauka vyote. Msimu uliopita mvua nzima ilimalizika ndani ya wiki tatu, ikabomoa makalvati ya barabara, ikapita juu juu kwenda bondeni, na ardhi haikupata muda wa kunywa. Msimu huu Novemba ilikuwa inakwisha na hata wingu la kudanganyia halijaonekana. Kilichobaki kilikuwa kisima kirefu kimoja kwa kaya mia moja na arobaini.

Modest aliijenga kesi yake juu ya mambo matatu, na Recheli, kwa kulisoma jalada mara nne, alikuwa ameyakariri. Kwanza, kufuli la chumba cha pampu halikuvunjwa, na funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wa Festo na mwingine wa Advera, katibu wa kamati ya maji, ambaye ndiye hufungua bomba na kusimamia foleni. Pili, kontrola ilifunguliwa skrubu kwa skrubu, wala hakuna waya uliokatwa. Tatu, na hili ndilo lililommaliza Festo, yeye mwenyewe ndiye aliyepiga yowe la wizi, Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Pampu ya sola haifanyi kazi kabla ya jua kupanda. Sasa alfajiri yote ile alifuata nini kule? Festo aliulizwa swali hilo mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili alijibu kwamba hana la kusema.

Hata Recheli ilibidi akiri kuwa swali lilikuwa zuri. Lilimuuma kwa sababu si yeye aliyeliuliza.

Advera ndiye aliyemfungulia chumba cha pampu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mtu wa Bukoba aliyeolewa hapa, mumewe anachimba dhahabu upande wa Nzega na hurudi baada ya miezi. Alimwamkia inspekta, akakaa kando ya mlango, akawa anaangalia viatu vyake. Chumba chenyewe kilikuwa na ukubwa wa choo cha shule. Ukutani kulikuwa na msumari uliotundikwa kamba ndefu yenye mafundo mengi na kipande cha chuma mwishoni. Pembeni yake palibaki alama safi ya mraba mahali kontrola ilipokuwa, na chini ya alama hiyo zilining'inia ncha za nyaya.

Kila ncha ilikuwa imeviringishwa kipande cha khanga kuukuu na kufungwa fundo. Katika jalada Modest alikuwa ameandika mstari mmoja tu: nyaya zimefungwa vitambaa. Recheli akachuchumaa, akaziangalia kwa muda mrefu bila kuzigusa.

Mwizi wa kuuza, aliwaza, huvuta, hukata, hukimbia. Hana muda wa kuvalisha nyaya nguo. Jua likiwaka, nyaya zinazotoka kwenye paneli zina umeme hata kama hazijaunganishwa na kitu. Aliyezifunika alijua hilo, na hakutaka atakayeingia asubuhi arushwe. Tena alitaka siku moja ziunganishwe upya. Halafu kulikuwa na lile fundo: dogo, limekazwa kwa meno, mkia wake umerudishwa ndani. Recheli alilifunga fundo kama hilo kila Jumamosi, kwenye pindo la khanga, kuhifadhi sadaka ya kesho kanisani. Mama yake alimfundisha, na mama yake alifundishwa na bibi. Modest hajawahi kufunga kitu kwenye pindo la khanga tangu azaliwe, ndiyo maana aliona vitambaa tu.

Alifurahi kuliko inavyofaa mbele ya mali ya umma iliyoibwa. Aliyechukua kontrola alikuwa mwanamke, anaujua mpangilio wa nyaya, na aliupata ufunguo bila kuvunja. Akamtazama Advera. Advera akazidi kutazama viatu.

"Jumanne mlifunga pampu saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, afande. Siku hizi haivuki hapo."

"Ufunguo wako ulikuwa wapi kuanzia hapo?"

"Shingoni. Naoga nao, nalala nao." Akautoa ndani ya blauzi, ukiwa kwenye kamba, ili inspekta auone.

Kutoka saa tisa hadi alfajiri ni saa nyingi, na Modest alikuwa ameziruka zote akakimbilia usiku. Recheli aliandika hilo kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, akalipigia mstari, kisha akaona aibu kidogo akafunga daftari.

Bombani palikuwa na foleni bila watu. Madumu yalikuwa yamejipanga kuanzia kwenye koki, yakazunguka ukuta wa zahanati, yakateremka hadi kwenye njia ya ng'ombe, ya njano, ya bluu, meupe yaliyogeuka rangi ya vumbi. Utaratibu wa Isunuka ulikuwa huu: jioni kila kaya inapanga dumu moja, na dumu hilo ndilo mtu. Hakuna anayesogeza la mwenzake. Anayesogeza anatozwa kuku. Yale yalikuwa madumu ya Jumanne jioni. Siku ya nne sasa yalikuwa yanaungua na jua, na hakuna aliyethubutu kuondoa lake, maana maji yakirudi ghafla atakuwa amepoteza nafasi. Watu walikuwa wakienda lambo la mbali, mwendo wa saa mbili, na ndoo nyingine.

Mlinzi wa foleni hiyo, kwa kujiteua mwenyewe, alikuwa Bibi Ng'washi, mama wa Kisukuma wa miaka sitini na ushee, aliyekalia kigoda chake kwenye kivuli cha ukuta na kuyatazama madumu ya watu. Recheli alimpenda palepale. Katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa amejifunza jambo moja ambalo chuoni halifundishwi, nalo ni kwamba mtu mwenye wivu ni shahidi bora kuliko wote. Kuhusu sababu anaweza kudanganya mchana kweupe. Kuhusu idadi hadanganyi, kwa sababu anahesabu. Recheli aliyajua hayo kwa kujichunguza mwenyewe: tangu Januari mkuu wao alikuwa amemsifu Modest mbele ya watu mara kumi na moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumrudisha Festo au umekuja kupiga picha?"

Recheli alicheka, kwa raha kubwa, akaomba pa kukaa. Akamuuliza kama kila mmoja hapa analijua dumu la mwenzake. Bibi Ng'washi akasema wanayajua ya wenzao kuliko yao. Akaanza kutaja bila kuinuka: la kwanza, lenye mfuniko wa bluu, la katekista Wilbroad; la pili, lililoyeyuka shingo, la mjane wa kule mabondeni; la tatu la kwake mwenyewe. Alikuwa nayo yote kichwani. Na katika yote hayo, alisema, kuna nyumba moja ambayo haina dumu hapa, na kama serikali ingekuwa na macho ingeanzia huko. Ni kwa Bi Khole, mwenye duka. Maji hakuna, lakini jana Ijumaa shuka zake nyeupe zilikuwa zimeanikwa kambani, tatu, hapana, nne na foronya.

Recheli akaandika shuka nne na foronya. Kisha akaitembea foleni mpaka mwisho. Dumu la mwisho kabisa lilikuwa la njano, limefungwa kitambaa cha zambarau kwenye mkono, na lilisimama mbali kidogo na wenzake. Akarudi kuuliza la nani.

"La Dafrosa, mke wa Festo," Bibi Ng'washi alijibu, na hapo akajiweka sawa kwenye kigoda, maana habari hii aliipenda. Alieleza kwamba ukoo wa Festo ndio wenye kisima cha zamani, kile kilichopo uani kwao, kilichochimbwa enzi za misafara, wapagazi wakitoka pwani kwenda Ujiji wanatua mizigo hapo wanakunywa. Hakikuwahi kukauka, hata miaka ya njaa. Dafrosa alipoolewa akawa yeye ndiye mwenye kisima. Kijiji kizima kilikuwa kinabisha hodi kwake na ndoo, naye anagawa, huyu mpe, yule mwambie arudi jioni. Halafu mwaka juzi kikakauka, hivi hivi, ndani ya mwezi mmoja. Sasa anayegawa maji ni Advera, na Dafrosa anapanga dumu kama sisi.

"Lakini daima anakuwa wa mapema. Hajavuka wa tano," Bibi Ng'washi akasema. "Jumanne jioni halikuwepo kabisa. Nilihesabu mara mbili, nikasema leo mwenzetu ameota mabawa. Amekuja kulipanga Jumatano, baada ya yowe. Watu tunalia hapa, yeye anapanga dumu."

Recheli akaacha kuandika. Bibi Ng'washi hakuona kwamba amesema jambo. Alikuwa amerudi kwenye shuka za Bi Khole.

Recheli alikwenda kwa Bi Khole hata hivyo, kwa sababu njia isiyokaguliwa ndiyo ambayo Modest angeikuta. Nyumba ilikuwa ya kuta nene za udongo, kando ya barabara kuu ya zamani ya misafara, na Bi Khole alikuwa mjane mnene, mweupe wa mavazi, aliyemsimulia kabla ya chai kuchemka kwamba babu wa babu yake alitoka Omani, akapita na msafara, akaugua hapa, akapona, akabaki. Alilisema kama jambo la wiki jana. Kuhusu maji hakungoja kuulizwa. Alimpeleka nyuma, akamwonyesha simtanki mbili zimeunganishwa na gata za bati zinazozunguka paa lote, akafungua koki, maji yakatoka. Ni mvua ile ya wiki tatu. Wenzake walipoiona inabomoa barabara yeye alikuwa anaikinga. Walimcheka alipoweka gata, walisema anaivisha nyumba hereni. Sasa wanamhesabia shuka.

Basi hapo hapakuwa na wizi. Recheli alishukuru kwa chai, na alipokuwa anaaga akauliza, kwa kupitisha tu, kama kutoka barazani pale mtu anaona kisima cha pampu.

Bi Khole akasema anaona vizuri mno. Kila siku anaamka kwa sala ya alfajiri, akitia udhu hapa barazani. Tangu mwezi wa tatu, mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, anawaona wawili pale kisimani kabla hakujapambazuka. Mwanamume ameinama, mwanamke amesimama karibu naye, taa ni moja. Festo na Advera.

"Ulimwambia yule inspekta aliyekuja Alhamisi?"

"Hakufika kwangu, mwanangu. Nilimwambia anayehusika. Jumapili iliyopita Dafrosa alikuja dukani kuchukua chumvi, nikamwambia. Nilidhani ni haki yake kujua."

"Akasemaje?"

"Aliiacha chumvi mezani."

Recheli alirudi kwa Advera kwa miguu, na akiwa njiani alimwagiza dereva wake, Shaban, asogeze gari kwenye kivuli karibu na nyumba ya Festo na asubiri. Advera alikuwa amekaa kizingitini kana kwamba alijua atarudiwa. Recheli hakuzunguka. Akamwambia kwamba kuna mtu atasimama kizimbani Jumatatu kwa sababu hataki kusema alikuwa anafanya nini alfajiri, na kwamba Advera anajua, na kwamba ile kamba ya mafundo msumarini si ya kuanikia nguo.

Advera akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada la kijani. Kurasa zake zilikuwa na safu mbili, tarehe na mita. Ile kamba, alieleza, ina fundo kila mita moja. Wanaiteremsha kwenye tundu dogo la kisima mpaka chuma kiguse maji, Festo anahesabu mafundo, yeye anamulika tochi na kuandika. Ni lazima iwe alfajiri, maji yakiwa yametulia usiku kucha, kabla pampu haijayavuta. Machi yalikuwa mita thelathini na moja kutoka juu. Juni thelathini na tano. Septemba thelathini na tisa. Jumamosi ya wiki jana arobaini na tatu, na pampu yenyewe imening'inia kwenye arobaini na saba.

Mhandisi wa maji ndiye aliyewaagiza kupima, na kamati ikaamua wasimwambie mtu. Mwaka jana kijiji jirani walitangaza kwamba kisima kinakufa, na siku ya pili watu walikatana mapanga bombani, kila mmoja anataka kujaza mapipa kabla hayajaisha. Festo aliapa kutosema. Alipokuwa anapandishwa garini Alhamisi alimtazama Advera, akatikisa kichwa, basi naye akanyamaza. Tena, Advera aliongeza kwa sauti ya chini, yeye ni mtu wa kuja, mume yuko mgodini, na kijiji hiki kinajua kuhesabu. Nani angeamini habari ya kamba?

"Inspekta Modest hakukuuliza?"

"Aliniuliza habari ya ufunguo tu."

Recheli alisoma mstari wa mwisho wa daftari. Ulikuwa na tarehe ya leo. Advera alikuwa amekwenda kupima peke yake asubuhi ile, tochi ameing'ata mdomoni, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na Jumamosi ni siku ya kupima. Mita arobaini. Recheli akaomba alichukue daftari kwa saa moja. Akamwambia pia kwamba siri hii haitafika Jumatatu ikiwa nzima, ni afadhali aitishe mkutano akawasomee watu yeye mwenyewe, kuliko waisikie mahakamani.

Dafrosa alikuwa anafagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiwa. Alimwamkia inspekta vizuri, akamletea kiti, akarudi kwenye ufagio. Alikuwa mwembamba, mrefu, macho mekundu ya mtu ambaye siku tatu hajalala. Katikati ya uwanja kulikuwa na kisima cha misafara, duara la mawe yaliyolainishwa na kamba za watu wengi, kimefunikwa mbao nzito za mninga. Upepo wa Novemba ulikuwa umetandaza vumbi jekundu kila mahali, juu ya kiti, juu ya kinu, juu ya majani ya mpapai. Nusu ya mfuniko wa kisima haikuwa na vumbi. Na kwenye kigingi cha chuma pembeni palikuwa na kamba mpya ya katani, imekazwa, imepita chini ya ubao na kushuka gizani, kwenye kisima ambacho hakina tone la maji.

Recheli angeweza kusimama, kuinua ule ubao, na kumaliza kazi. Angeipiga picha na kuituma kwenye makundi yote ya simu. Alilitaka hilo kwa dakika nzima. Halafu akakihamisha kiti chake, akakigeuzia kisima mgongo, akakaa.

"Dada Dafrosa, Jumanne jioni kila nyumba inayotegemea bomba ilipanga dumu isipokuwa yako," alisema. "Asiyepanga dumu anajua kesho hakuna maji. Jumanne jioni mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu."

Ufagio ukasimama.

"Kabla hujanijibu, soma hiki. Ndicho mumeo alichokuwa anafanya alfajiri."

Dafrosa alipokea daftari, akalisoma akiwa amesimama. Alianza ukurasa wa kwanza akaenda mpaka wa mwisho bila kuruka tarehe hata moja. Kisha akarudi Machi akaanza upya. Ilipofika mara ya tatu Dafrosa aliketi chini, pale pale kwenye vumbi lililofagiwa, na akaanza kueleza bila kuulizwa.

Hakutaka kuiba. Alitaka Festo alale. Aliwaza kwamba pampu ikifa, hakuna kwenda kisimani, na asiyekwenda kisimani anaamka kwake. Siku mbili tatu tu. Jumanne, pampu ilipokwisha kufungwa, Festo alilala kidogo, naye Dafrosa akauchukua ufunguo kwenye suruali yake, akaenda. Kufungua kontrola alikujua, maana siku za nyuma Festo alikuwa anamchukua Jumamosi kumshikia bisibisi wakati anaisafisha. Alimfundisha kuzima swichi kwanza, kisha skrubu za chini, kisha za juu. Alizifunga nyaya kwa sababu Festo ana haraka, angeingia asubuhi na kuzishika. Hakujua kwamba safari zile za alfajiri zilikuwa za kazi. Hakuwaza polisi. Gari lilipokuja Alhamisi alitaka kusema, akafungua mdomo, akamwona Advera amesimama pembeni analia, na mdomo ukajifunga wenyewe. Hilo aliona aibu kulisema, lakini alilisema.

"Alikuwa analia kuliko mimi," Dafrosa alisema. "Kwa mume wangu."

Recheli alilielewa hilo vizuri kuliko alivyopenda. Akamwambia kwamba hajakiangalia kisima na hatakiangalia. Kitu kikirudishwa na mwenyewe, kwa mikono yake, kabla polisi hawajakitafuta, kitaandikwa hivyo, na mbele ya hakimu mstari huo una uzito wake. Yeye amekaa hapa anapumzika tu.

Nyuma yake akasikia ubao wa mninga unasukumwa, na kamba inapanda taratibu kwenye mawe, mkono baada ya mkono, kwa ustadi wa mtu aliyeteka maji miaka mingi. Kontrola ilitoka imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na juu ya nailoni mbeleko iliyobebea wanawe wote watatu. Haikuwa na mkwaruzo. Mafundo yalikuwa yale yale.

Dafrosa akalifungua daftari mara nyingine, kwenye mstari wa leo. "Arobaini. Yamepanda?"

"Siku nne bila kuvutwa. Yamepumzika kidogo."

"Kwa hiyo nimekisaidia kisima."

"Kisima ndiyo. Festo hapana."

Recheli alimpigia Modest simu kutoka kivulini, nafasi aliyoisubiri tangu Alhamisi. Alimweleza yote kwa mpangilio: fundo la khanga, saa za alasiri alizoziruka, dumu, daftari. Modest akasema kwamba amefanya kazi nzuri sana, na kwamba atakwenda mwenyewe mahabusu kumwambia Festo ajiandae, maana itabidi arudishwe leo leo kuunganisha pampu kabla jua halijashuka. Alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Recheli alikata simu akiwa na hasira. Mtu kama yule hakuachii hata sehemu ya kumchukia.

Wakaondoka na Dafrosa saa nane, wakiichukua kontrola ikaandikishwe kituoni kabla ya kurudi na Festo. Watoto walibaki na dada yake Festo. Gari lilipofika bombani Dafrosa aliomba lisimame, na Recheli akamruhusu. Aliteremka, akatembea mpaka mwisho wa foleni, akalichukua dumu lenye kitambaa cha zambarau. Bibi Ng'washi alikuwa kwenye kigoda chake. Alimwona, akaiona kontrola kwenye kiti cha mbele, akaelewa, na kwa mara ya kwanza siku ile akainuka. Dafrosa akalikabidhi dumu kwake, akamwomba awapelekee watoto maji yakitoka. Bibi Ng'washi akaliweka karibu na lake, nafasi ya tatu, na hakuna aliyedai kuku.

Wakafika njia kuu, wakaanza kufuata barabara ya misafara kuelekea mjini. Shaban aliendesha taratibu kwa sababu ya makalvati yaliyobomoka. Dafrosa alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, na Recheli akadhani amesinzia.

"Afande."

"Naam."

"Alfajiri zile. Festo anashusha kamba. Yeye Advera alikuwa anashika nini?"

"Tochi."

Gari likapita kalvati lingine.

"Mkono mmoja?"

Recheli aligeuka akamtazama. Angeweza kumwambia kwamba basi, yaishe, lakini hakuona kwamba yeye ndiye mtu wa kumwambia mwingine hivyo.

"Mmoja tochi, mwingine kalamu," alisema. "Daftari alililaza kwenye ukingo wa kisima."

Dafrosa akaiinua mikono yake miwili kutoka mapajani, akautazama mmoja, akautazama wa pili. Kisha akairudisha chini, na hapo ndipo alipoanza kulia.